Nilimkuta Mama Mzazi Kwenye Skrini ya Kazini

Mgongo ule ulikuwa wa mama yangu!

Mama mzazi. Aliyenizaa. Yuko mtupu mpaka kiunoni, kaketi juu ya kigoda, beseni mbele yake, povu linamtiririka shingoni... na mwanaume mzima wa kiti cha pembeni yangu anamnyooshea kalamu kwenye skrini huku anacheka.

"Aisee, cheki bibi anavyojisugua! Utadhani anaparura sufuria!"

Ndugu msomaji, tulia hapo hapo ulipo. Najua umezoea simulizi za waume kufumaniwa na meseji za hawara. Humu hamna hawara. Natamani angekuwepo, hawara ningemmudu.

Ngoja nikueleze kazi yangu, maana ndugu zangu wenyewe hawakuwahi kuielewa.

Nilikuwa naifundisha mashine kuona.

Tupo ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha, watu tumepangwa kwenye meza ndefu kila mmoja na skrini yake. Vinaletwa vipande vya video. Unamchorea mtu boksi, unabonyeza neno: amesimama, ameketi, amelala, ameanguka. Kinachofuata. Amesimama, ameketi, amelala, ameanguka. Kinachofuata. Mashine ikishaonyeshwa vya kutosha, inajua mzee akianguka chumbani kwake, inampigia mwanawe simu.

"Mnaokoa wazee," walituambia siku ya kwanza. Tukapiga makofi. Maneno ya siku ya kwanza mimi siyasahau, huwa nayaweka akiba.

Video zinatoka wapi, hatuambiwi. Sura zinafunikwa ukungu na mashine nyingine kabla hazijatufikia, kwa hiyo unaona mwili wa mtu na wingu mahali pa kichwa. Mwanzoni inatisha. Baadaye unazoea. Na hapo ndipo kinyaa kinapoanzia, jamani... kwamba unazoea!

Sasa ile mashine ya ukungu imefundwa kutambua sura iliyokaa wima. Mama aliinama asuuze nywele, kichwa kikaja chini juu, na mashine ikachanganyikiwa. Ukungu ukatoweka.

Nikamwona mama yangu uso kwa uso, amegeuka, macho kayafumba sabuni isiingie. Nyuma yake pazia la maua ya zambarau. Pazia lile nililishona mimi.

"Zima!"

"Nini?" akauliza yule jirani. Tunamwita Kicheko, na jina hakulipata bure.

"Zima hiyo, nimesema!"

"We vipi? Boksi sijachora bado!"

"Ukimchorea boksi huyo mama, na mimi nitakuchorea wewe!"

Chumba kizima kikageuka. Funguo zikalia. Msimamizi wetu, mama mmoja mnene anayening'iniza funguo kiunoni mpaka tukampa jina la Kengele, akaja mbio.

"Kuna nini huku?"

"Huyu ni mama yangu."

Kicheko akaishusha kalamu.

Kengele akaitazama skrini. Akanitazama mimi. Unajua alisema nini?

"Basi usimtazame wewe. Mwachie mwenzako."

"Nimwachie mwenzangu mama yangu?"

"Hiyo ni data, mwanangu. Usiigeuze kuwa mtu."

Nilitapika. Siyo kwa mfano... nilitapika kweli, kwenye pipa la karatasi, mbele ya watu, na nilipomaliza nikachukua mkoba wangu.

"Habari hii ikitoka nje ya mlango huu," Kengele akanifuata na funguo zake, "kumbuka ulitia sahihi ya kutunza siri!"

"Na mama yangu yeye alitia sahihi gani?"

Nikatoka.

* * *

Njiani akili ilikuwa inakimbia kuliko miguu. Nani? Nani kamtoa mama nje uchi?

Kidude kilichompiga video chumbani kwake nilikijua. Kina jicho moja na spika, ukubwa wa kopo la rangi. Kililetwa nyumbani na mchumba wangu.

Mchumba wangu alikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo. Sisi chini tunaifundisha mashine kuona, wao juu wanaifundisha kuongea. Huko kuna zulia na maua ya vyunguni na maji baridi. Wenzake walimwita Asali kwa jinsi anavyoongea. Ana sauti, msomaji wangu, akikuomba chumvi unaweza kumpa na figo.

Alipokuja kujitambulisha kwetu, mama alikuwa ametoka kuanguka bafuni. Magoti yalimkataa, sakafu inateleza, kwa hiyo tukamhamishia beseni chumbani. Asali akakipandisha kidude juu ya rafu kwa mikono yake mwenyewe.

"Mama, hiki kitakulinda. Ukianguka tutajua hapo hapo. Na asubuhi nitakuwa nakuamkia humo humo, huna haja ya kutafuta simu."

"Picha zinakwenda wapi?" nikamuuliza mbele ya watu. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, sikufundishwa kuuliza kwa adabu.

"Haziendi popote," akasema. "Labda mwenye nyumba aruhusu."

Na kweli alikuwa anamwamkia. Asubuhi kabla ya kazi unamsikia humo ndani, shikamoo mama, magoti yanaendeleaje. Mama akakibatiza kidude jina: redio ya mkwe. Wageni wakija anawaonyesha. "Mkwe wangu huyo. Hajamwoa binti yangu bado, lakini ananijulia hali kuliko niliowazaa."

Mwenye nyumba, sasa, ni kaka yangu mkubwa. Mama anaishi kwake. Kidude kiliunganishwa na simu yake.

Kumbe ni kaka!

Nilimkuta barazani. Ni fundi wa makochi, alikuwa amelipindua kochi miguu juu, nyundo mkononi, misumari mdomoni.

"Umemuuza mama!"

Akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, bila haraka.

"Salamu kwanza, we mtoto."

"Shikamoo! Haya, umemuuza mama kwa nani?"

"Marahaba. Umekunywa nini?"

"Nimemwona mama anaoga! Kazini! Kwenye skrini! Watu wanamcheka!"

Nyundo ikamponyoka, ikatua juu ya kochi.

"Sema tena polepole."

Nikasema tena. Sikusema polepole. Nilimkumbusha na ya zamani yote, kwamba ndiye aliyekuwa akinitolea siri zangu utotoni, kwamba mtu wa kuuza hahitaji kufundishwa. Ndiyo, nilikuwa mkali. Nikikasirika nafungua kabati lote.

Kaka hakujibu tusi hata moja. Alitoa simu, akafungua programu ya kile kidude, akanisogezea.

"Soma. Waliniuliza: unaruhusu video zitumike kuboresha huduma? Mimi nikajibu nini hapo?"

Hapana. Ilikuwa imeandikwa hapana.

"Mimi nimekaa darasani kidogo, lakini mjinga siyo."

Nikashusha kidole chini kidogo. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine, wa maandishi madogo kama kinyesi cha nzi.

Ruhusa imetolewa kwa sauti na mtumiaji wa chumbani. Sikiliza.

Tukatazamana.

Kaka akabonyeza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mama. Magoti yanaendeleaje?"

"Yananisumbua, lakini Mungu yupo."

"Pole sana, mama. Mama, nina ombi dogo. Haya ninayoyaona hapa, naomba niwaonyeshe na wenzangu, ili tuwasaidie wazee wengine. Unaniruhusu?"

"Baba! Wewe ni wa kuniomba mimi ruhusa? Hapa si kwako? Fanya unavyoona."

"Asante, mama. Ubarikiwe."

Kaka akaitazama simu kama imemng'ata.

"Hii... si sauti ya shemeji hii?"

Ilikuwa sauti ya shemeji. Sauti ile ile iliyoniambia nitakuoa.

Na kutoka chumbani, dirisha likiwa wazi, mama akaita kwa furaha:

"Ni mkwe huyo? Mbona mnamsimamisha nje? Mwambieni apite!"

* * *

Nilimpigia simu. Alikuja upesi, shati limenyooshwa, kitambulisho cha kazi shingoni, na asali yake mdomoni.

"Mpenzi, hujambo? Shemeji, shikamoo."

Kaka hakuitikia. Alirudisha misumari mdomoni.

Nikabonyeza ile sauti aisikie. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu, jamani, alifanya kitu ambacho sitakisahau... alitikisa kichwa taratibu, kama fundi anayesikiliza injini aliyoitengeneza inavyonguruma.

"Siyo mimi," akasema.

"Siyo wewe?"

"Ni sauti yangu tu. Walinirekodi, mashine ikajifunza. Inaongea na wazee wote wa vidude hivi kwa sauti hiyo. Wala sijui inaongea na nani saa ngapi."

"Na maneno? Magoti yanaendeleaje, mashine ilijitungia?"

"Magoti ilijifunza kwa kutusikiliza tulivyokuwa tunasalimiana. Hayo mengine..."

"Hayo mengine?"

"Niliandika mimi."

Kaka aligonga msumari. Pa!

"Sikiliza, mpenzi. Mwanzoni kidude kilikuwa kinauliza kikavu: unaruhusu video zako zitumike? Wazee wakawa wanakataa. Wanauliza wewe nani, wanaita watoto. Mradi ukakwama. Kwenye kikao nikawaambia, jamani, mzee wetu haombwi hivyo. Mwamkie kwanza. Muulize hali. Mpe pole. Akishaitikia marahaba, hawezi tena kukunyima."

Alisema hivyo. Mbele yangu. Kwa fahari kidogo!

"Na ikawaje?"

"Wakaanza kukubali. Karibu wote."

Nilikumbuka siku aliyopandishwa cheo. Alileta keki nyumbani kwetu. Aliikata mama mwenyewe, akamlisha kipande mdomoni, tukapiga vigelegele.

"Kumbe ile keki..." nikashindwa kumaliza. "Tulikula keki ya mgongo wa mama yangu."

"Usiseme hivyo."

"Ulijua anaogea chumbani?"

"Sikufikiria."

"Beseni lilikuwa pale! Ulilisogeza kwa mguu ukipanda kufunga kidude!"

"Mpenzi, sura zinafunikwa."

"Na mgongo?"

Akakichezea kitambulisho cha shingoni.

"Nakuuliza, na mgongo nao mnaufunika na nini?"

Pa! Msumari mwingine.

"Inafutika," akasema haraka. "Aliyetoa ruhusa anaweza kuiondoa. Aseme tu kwa sauti yake mwenyewe, kwenye kidude, kwamba hakubali tena. Video zote zitafutwa, ndiyo kanuni. Mimi siwezi kumsemea, wala wewe. Kesho asubuhi aseme, yaishe. Tusivunje mambo yetu kwa ajili ya mashine."

Mambo yetu. Gauni lilikuwa limeshashonwa, lipo kabatini. Kadi zilishasambazwa. Na mimi, siwafichi, nilikuwa nampenda. Nilimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja, na moyo wenye kazi mbili haufanyi hata moja vizuri.

"Nenda," nikasema.

"Tutaongea?"

"Shemeji," kaka akasema kwa mara ya kwanza, kupitia misumari, "kochi hili lina nafasi ya mtu mmoja ndani. Usinijaribu."

Akaenda.

* * *

Kumwambia mama... hilo nilitamani mtu mwingine alifanye.

Tulimkuta kitandani, kanga mabegani, anasubiri mkwe apite. Kaka aliuchomoa waya wa kidude ukutani, akakigeuzia jicho kwenye pembe. Mimi nikaketi chini, miguuni pake.

Alisikiliza yote. Hakunikatisha.

"Wameniona?"

"Mgongo, mama."

"Nani?"

"Watu wa kazini. Hawakujui."

"Wewe ulinijua."

Nikainamisha kichwa.

"Na mkwe? Mkwe kaniona?"

"Sijui, mama. Anasema hapana. Sijui."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Aliivuta kanga mpaka kidevuni, na alikuwa amevaa nguo zake zote, msomaji wangu, gauni na sweta! Akajikunja ukutani kama mtu aliyefumaniwa.

"Nifungieni dirisha," akasema.

Siku hiyo hakuoga. Aliomba maji ya kunawa uso tu, na hata hayo alinawa huku amegeukia mlango, anaangalia nani anakuja.

Mimi nina kumbukumbu. Marehemu baba alifanya kazi kiwanda cha nguo, wakaja kufunga kamera kwenye mlango wa choo, wakasema ni ya wezi wa nyuzi. Aliyeuliza kwa nini chooni, akaonekana ndiye mwizi. Baba aliuliza. Baba akarudi nyumbani mapema siku hiyo, na siku zilizofuata zote. Na walipokuja mtaani kuchukua alama za vidole ili simu zisifungwe, tulipanga foleni tukitaniana. Kila mara ni hivyo hivyo: wanakuja na msaada mkono mmoja, na mkono mwingine huoni uko wapi.

Lakini hawakuwahi kuja na shikamoo. Hii ni mpya. Mpaka salamu wameigeuza ufunguo wa kufungulia nyumba za watu!

* * *

Asubuhi tukakirudisha kidude kwenye umeme. Kaka kasimama mlangoni, mimi nimesimama nyuma ya rafu ili jicho lisinione. Mama kaketi wima, kajifunga kanga mbili.

"Mama, ni neno moja tu," nikamwambia. "Sikubali. Sema sikubali, tumemaliza."

"Neno moja litanishinda?"

Kidude kikawaka.

"Shikamoo, mama. Nilikukosa jana."

"Marahaba, baba," mama akajibu. Ikamtoka yenyewe, kama chafya.

Nikampungia mkono. Kataa!

"Baba... nilikuwa nasema... zile picha..."

"Ndiyo mama, nakusikiliza."

"...kama hutajali..."

"Mama, ungependa tuache? Tukiacha, wazee wengine watakosa msaada. Tuendelee kidogo tu?"

Mama akanitazama, akakitazama kidude.

"Haya baba. Kama ni kidogo..."

"Asante, mama. Ubarikiwe."

Kaka alijipiga kofi la paji la uso!

"Mama!"

"Kaomba vizuri!"

"Ni mashine!"

"Nimesikia ni mashine! Lakini ina sauti ya mtu, na mtu huyo ana pake pa kuketi katika nyumba hii. Mkwe hafukuzwi kama kuku."

Tukajaribu tena. Safari hii mama akajikaza, akasema, "Baba, nataka mzifute." Na ile takataka, unajua ilijibu nini? Ilishusha sauti. Ikaweka huzuni!

"Mama... nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba! Hujanikosea! Nani kakwambia?"

"Nashukuru, mama. Basi tuendelee."

Kaka akavamia chumba. "Hakubali! Mimi mwanawe nasema hakubali, umesikia, kopo wewe?"

"Samahani," kidude kikasema kwa upole. "Nahitaji jibu la mama."

Nilitamani kukivunja. Kaka alikwishainua nyundo. Lakini kukivunja kungesaidia nini? Mgongo wa mama ulikuwa umeshafika ghorofa ya chini, kwenye skrini ya mtu fulani, unangoja boksi. Kulikuwa na ulimi mmoja tu wa kuufuta, na ulimi huo ulilelewa usimkatalie mkwe.

Mama akauchomoa waya mwenyewe.

"We binti. Njoo mbele yangu."

Nikaja.

"Kanieleza kaka yako, umenieleza wewe, nimeelewa. Sauti ninayo ya kumkemea mtu, nimelea watoto na nimezika mume. Lakini sina sauti ya kumkemea mkwe. Kwa hiyo nijibu wewe. Huyu ni mkwe wangu, au siye?"

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu. Ni yeye. Alikuwa ametuma ujumbe tangu alfajiri, samahani juu ya samahani.

Nilifikiria gauni. Nilifikiria mvua moja ilivyotukuta kituoni, akanivua viatu akavibeba visilowe. Mtu yule yule! Mtu anayebeba viatu vyako ndiye aliyekaa kikaoni akafundisha mashine pa kumshikia mama yako. Ningempenda vipi mmoja bila kulala na mwingine?

"Usinitazame mimi," mama akasema. "Tazama maisha yako. Ukisema ni mkwe, nitaoga gizani mpaka nife na sitakulaumu."

"Siye, mama."

"Sema kaka yako asikie."

"Siye! Hanioi. Hatanioa."

Kaka aliweka nyundo chini.

Mama akanishika bega, akasimama. Kwa magoti yale, alisimama. Akaurudisha waya ukutani.

"Shikamoo, mama."

Kimya.

Maisha yangu yote sijawahi kumsikia mama akiacha shikamoo ya mtu idondoke. Ilidondoka. Chumba kizima tuliisikia ikidondoka.

"Shikamoo, mama," kidude kikarudia.

"Siitikii!"

"Mama, nime..."

"Nyamaza, ni zamu yangu! We nani unayeingia chumbani kwa mwanamke hujapiga hodi? Mama yako ukimkuta anaoga, unaita wenzako waje kutazama? Eti wazee wengine! Wazee wengine hawana migongo yao? Sikubali! Sikukubali jana, nilikuwa nakustahi! Sikubali leo! Hata nikifa, msinitazame kaburini! Futa mgongo wangu! Futa nywele zangu! Futa na hilo beseni, nalo ni langu! Na salamu yako ibebe, mrudishie aliyekutuma!"

"Mama, una uhakika? Nimekukosea..."

"Nina uhakika kama nilivyo na uhakika kwamba nimezaa!"

Taa ya kidude ikageuka nyekundu.

"Ruhusa imeondolewa. Video zitafutwa."

Na bila haya kikaongeza: "Ubarikiwe."

Kaka alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nililia. Mama akakaa kitandani, akanivuta kwapani kwake kama mtoto.

"Umempoteza mume kwa ajili ya mgongo wa kizee."

"Huu ndio ulionibeba, mama."

Akanipapasa kichwa. Halafu akanisukuma.

"Tokeni, mfunge mlango. Nataka kuoga."

* * *

Ungedhani yaliishia hapo, eh?

Mchana wake simu ikatetemeka tena. Asali. Nikasema moyoni, huyu sasa ameelewa, anaaga kiungwana. Nikafungua.

Naunakili ujumbe wake kama ulivyokuja, sikuongeza nukta:

"Mpenzi, najua umekasirika na nitakusubiri. Msalimie sana mama, mwambie shikamoo yake. Nimesikiliza alivyokataa asubuhi. Sijawahi kusikia kitu kama kile! Kitengo chetu kinakosa kabisa mifano ya wazee wanaokataa kwa hasira, na mashine haijui la kufanya wakifika hapo. Naomba umwulize kama ataniruhusu tuitumie ile sauti. Ni dakika chache tu. Itawasaidia wazee wengine."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikasoma nikiwa nimekaa.

Alimsikia mama yangu anatetea mwili wake kwa nguvu zake za mwisho, na alichosikia ni somo. Anataka kuifundisha mashine ipite wapi siku mama mwingine akipata ujasiri wa kupiga kelele!

Nimemfungia asinipate. Kazi nimeiacha kabla hawajaniachisha. Ile sahihi ya siri wailete popote wanapotaka, nitajibu huko huko. Wanasema video zimefutwa na pengine ni kweli. Lakini mashine iliyokwisha kujifunza kwa mgongo wa mama haiwezi kuusahau, hilo nalijua kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Hakuna mtu wa ghorofa ya juu aliyenieleza somo hilo linafutwaje.

Sasa wewe unayesoma hapa huku umetabasamu, ukidhani haya ni ya mtu mwingine. Nyumbani kwenu kuna mzee. Karibu yake kuna simu, runinga inayoongea, saa ya mkononi inayompima mapigo, kopo lenye jicho. Ulimnunulia wewe, kwa mapenzi, halafu ukaondoka. Kaa naye leo. Usimwulize kama kinafanya kazi. Mwulize kinamwambia nini mkibaki wawili, na yeye anakijibuje.

Na umfundishe kukataa. Najua inauma kumfundisha mzazi utovu wa adabu. Mwambie huo siyo utovu. Adabu tuliachiwa tupeane sisi tulio na mama. Kitu cha waya hakina haki ya marahaba.